Chawa wa mtoto: mie nimewamaliza kwa kitana na kondishena tu

Dada uliyeuliza kuhusu binti yako wa miaka 6 mwenye chawa, eti jirani kakwambia umpake mafuta ya taa au umpulizie dawa ya mbu umfunge na mfuko, nakuomba sana usifanye. Mwaka juzi mie nikiwa kazini wifi yangu alimpaka mwanangu mafuta ya taa, narudi jioni nakuta ngozi nyuma ya sikio imebabuka, mtoto analia hashikiki, na wiki iliyofuata chawa walewale wakarudi maana mayai hayakufa. Halafu yanashika moto yale, mtoto akipita karibu na jiko je? Na dawa ya mbu anaivuta yote kifuani.

Kilichonisaidia ni kitana cha meno ya kubana, tafuta cha chuma, vingi vya plastiki meno yanapinda mayai yanapita. Unamuosha na shampuu ya kawaida, unapaka kondishena nyingi mpaka nywele ziteleze, usisuuze kwanza, chawa wakilowa hivyo wanatulia hawakimbii. Fumua mafundo na chanuo kubwa, gawa nywele mafungu madogo madogo, kitana kiguse ngozi kabisa ndio uvute mpaka nchani, na kila ukivuta futa kwenye tishu nyeupe uone. Mwanangu ana nywele nyingi ndefu, namkalisha mkekani kati ya miguu yangu na katuni kwenye simu, saa nzima inaisha. Siku ya kwanza nilihesabu 19 kwenye tishu, wakubwa kama punje ya ufuta, na vitoto kama nukta ya kalamu. Kazana nyuma ya masikio na kisogoni, huko ndio wanajazana.

Sasa wengi wanachana siku moja basi. Yai linaanguliwa kama siku ya 7 mpaka ya 10, na kitoto kinataka siku 9 hivi au zaidi ndio kiwe mkubwa wa kutaga, kwa hiyo ukirudi kila baada ya siku 3 au 4 unavitoa vikiwa bado vidogo. Mie niliandika kwenye kalenda ya ukutani, siku ya 1, 5, 9, 13, halafu ya 17 kukagua. Ya 9 nilitoa viwili, ya 13 tishu ikatoka safi, ya 17 safi. Vile vyeupe vilivyoganda mbali na ngozi mara nyingi ni maganda matupu, visikutishe.

Mafuta ya nazi kama huna kondishena yanatelezesha vizuri, ila usimpake ukalala ukidhani yamewaua.

Magodoro usipulizie kitu, chawa akitoka kichwani siku moja mbili kafa. Foronya na mitandio fua maji ya moto. Ila siku hiyohiyo kagua vichwa vya nyumba nzima, mie nilikuwa nao na sijui! Na mwalimu wa madrasa mwambie pembeni, wetu walikuwa wanarundika mitandio pamoja, mtoto asije akaitwa mchafu maana chawa wanakaa hata kwenye nywele zilizooshwa leo.

Akiwa amejikuna mpaka vidonda vinatoa usaha, au tezi za shingoni zimevimba, mpeleke hospitali, hapo kitana peke yake hakitoshi.