Maswali yenu: Mbwa wanaotufukuza tukikimbia asubuhi

Meseji za wiki hii karibu zote ni za mbwa, nimechagua chache, zingine zilikuwa matusi kwa majirani hizo sijazigusa.

*Nakimbia Nyali saa kumi na mbili asubuhi, kuna geti moja mbwa wawili hutoka mbio wanifuate, na soja anapiga kelele "hawaumi hao!" Niongeze spidi ama?*

Usiongeze, yakhe. Kipchoge alipomaliza marathoni chini ya saa mbili kule Vienna 2019 alikuwa anaenda kama kilomita 21 kwa saa, na mbwa wa kawaida tu wa geti akiamua anapita 30, sasa wewe na mimi tutafika wapi. Kinachomchemsha ni ule mwendo wako, kitu kikikimbia yeye anakifuata, ndivyo alivyoumbwa. Kwa hivyo simama. Simama kabisa, mikono karibu na mwili, usimkodolee macho na usimpe mgongo, kaa upande upande hivi, halafu mwambie kwa sauti nzito "Rudi!" mara moja mbili, si mayowe manake mayowe yanamzidisha. Akipoa rudi nyuma pole pole ukiwa bado unamuona, ukishatoka eneo lake ndio uanze tena mbio zako. Wengi wanaishia hapo, wanalinda geti lao, wewe hawana haja nawe. Kwa vile wako wawili tafuta ukuta ama gari lililopaki uweke mgongo hapo, mmoja asije akakuzunguka. Ikitokea umeangushwa jikunje, kinga shingo na masikio kwa mikono, unyamaze, najua ni rahisi mimi kusema nikiwa nimekaa. Na huyo soja pita siku moja mchana uzungumze naye kwa heshima, mara nyingi ni yeye anafungua geti afagie nje na mbwa ndio wanapata nafasi, akiwafunga hiyo nusu saa mambo yameisha.

*Babangu huniambia niiname tu kama naokota jiwe, wanakimbia. Kweli? (Tudor)*

Kwa mbwa koko babako yuko sawa, hao wamerushiwa mawe tangu wadogo, wakiona mtu anainama washajua. Lakini yule wa kufugwa ndani ya ua hajawahi kuonja jiwe, wewe unainama yeye anaona uso wako umemsogelea. Kurusha kabisa mimi siungi mkono, ukimkosa umemchokoza bure. Beba chupa ya maji ummwagie usoni, ama mtupie kofia aing'ate hiyo.

*Bamburi maji yakipwa kuna kundi la koko pale ufuoni, tupite vipi?*

Mbali. Hasa wakiwa wanakula ama kuna jike na watoto wake, zunguka hata ikibidi uingie maji ya magotini, na muziki wa masikioni uzime, watu wengi wanashtukia mbwa akiwa tayari kisigino.

*Nimetoka kuswali alfajiri nikaenda kukimbia, mbwa akanilamba mguu. Udhu wangu je?*

Mie si ustadh, lakini hili linajulikana: udhu hautenguki kwa kulambwa, ila mate yake ni najisi na huwezi kuswali nayo. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu pwani tunafuata, unaosha pale mahali mara saba, moja iwe na mchanga. Soksi pia kama zimepata.

*Jana mbwa alinichubua mguu kwa meno, damu kidogo tu, nyanya akanipaka pilipili na mafuta ya taa. Si yatosha? (Likoni)*

Haitoshi mwanangu, na nyanya mwambie shikamoo lakini hapana. Inuka saa hii uoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, tazama saa, hata kama ni jana we osha tu, kisha upake iodini kama ipo na uende hospitali leo leo, si kesho. Piga simu kwanza uulize kama chanjo ya kichaa cha mbwa wanayo usije ukazungushwa. Kile kirusi kinapanda polepole kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, yaweza kuchukua wiki hata miezi, ndio watu wanajiona wazima wanapuuza, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Chanjo ni sindano za siku tofauti tofauti, usiache katikati, na kwa sababu damu imetoka uliza pia ile ya kinga inayodungwa kwenye kidonda chenyewe, na ya pepopunda. Mbwa kama anajulikana afungwe aangaliwe siku 10, akibaki mzima daktari ndiye ataamua kama sindano zilizobaki zisimamishwe, lakini wewe usingoje hizo siku ndipo uanze. Na vijana wa mtaa wasimuue, akifa ama akitoweka hatuna wa kuangalia.

*Mbwa wangu mpole sana, namfungulia alfajiri ajisaidie. Wakimbiaji wenyewe ni waoga, kosa langu nini?*

Umeshaliandika mwenyewe, umemfungulia. Mpole ni kwako wewe unayempa ugali, mimi ananijulia wapi? Sheria ya jinai ya Kenya kifungu cha 243 inahesabu ni kosa kutochukua tahadhari na mnyama wako hadi ahatarishe watu, na aliyeumwa akishapata namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, pale polisi maneno ya "haumi huyo" hayatakusaidia. Kamba ya mbwa si ghali, tembea naye mwenyewe, utapata na mazoezi. Halafu ile chanjo ya kila mwaka, cheti chake unacho? Nitumie picha.