Nyanya ya kopo yenye stika juu ya tarehe: sheria inamkamata nani?

Mkuu, umeuliza kama mwenye duka anashitakika baada ya wewe kubandua stika kwenye nyanya ya kopo ukakuta tarehe ya kuisha muda ni ya mwaka juzi. Anashitakika, ila usianze kwa kwenda kumgombeza.

Nimewahi kuwa mtunza stoo wa duka la jumla Kariakoo. Mteja alileta kopo la samaki, kalifungua, nusu kashakula, anafoka mbele ya watu. Bosi akamrudishia hela na soda juu. Jioni ileile katoni zote za toleo lile (yaani zilizotengenezwa pamoja) zikahama stoo. Wakaguzi walipofika hawakukuta kitu, na lile kopo lililofunguliwa halikuwafaa: nani atathibitisha kwamba samaki hakuharibikia nyumbani kwa mteja?

Kwa hiyo rudi kimya kimya kama mnunuzi. Chukua makopo mengine yenye namba ileile ya toleo, usiyafungue, na udai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi). Wino wa tarehe unafutika kwa pamba na asetoni (ile ya kutolea rangi ya kucha), lakini kopo likiwa na herufi zilizogongwa kwenye bati lenyewe, hizo hazifutiki. Stika nyingine ziache zilivyo.

Peleka TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Watu bado wanataja TFDA, ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, lakini tangu Julai 2019 chakula kiko TBS, na TFDA ikageuka TMDA ikabaki na dawa na vifaa tiba. Kama shida ni nembo bandia, kopo la kampuni hii limevalishwa lebo ya ile, nenda FCC (Tume ya Ushindani).

Kinachoniudhi ni mwisho wa kesi nilizoziona. Mzigo unateketezwa kwa gharama za mwenye duka, na aliyebandika zile stika bandarini au ghalani haguswi, kwa sababu mwenye duka alinunua kwa bei ya kutupa bila ankara na hana wa kumtaja. Wenye maduka mnaosoma hapa, ankara ndiyo kinga yenu.

Kopo likiwa limevimba, usilifungue hata kwa udadisi. Sumu ya botulini inaweza kuwemo bila harufu wala ladha mbaya. Liweke kwenye ndoo yenye mfuniko, ulifikishe kwa wakaguzi hivyohivyo.