Kuhama kutoka jointa ya inchi 6 kwenda ya inchi 8: yaliyonikuta mimi

Wakuu, kila mara kuna mtu ananiuliza kama ni sawa kuhamia jointa kubwa wakati ile ndogo bado inazunguka vizuri tu, na jibu langu huwa refu, kwa hiyo nimeona niliandike mara moja. Kwa ambaye ndo anaanza, jointa ni ile randa ya mashine yenye meza mbili na ngoma ya visu katikati, kazi yake ni kukupa uso mmoja ulionyooka na ukingo mmoja uliokaa nyuzi 90 na huo uso, basi. Zile inchi ni upana wa ubao inaoweza kunyoosha. Thiknesa ni kitu kingine, ni mashine ya kupunguza unene wa ubao uwe sawa kote. Unamkuta mtu ana thiknesa nzuri anashangaa kwa nini ubao unaingia umepinda na unatoka umepinda vilevile, umekuwa mwembamba tu. Zile rola zinaukandamiza ubao unalala, ukishapita unajirudi ulivyokuwa.

Mi nimekaa na ya inchi 6 miaka saba. Kafremu, kadroo, miguu ya meza, haikuwahi kunisumbua. Shida ilianza nilipoingia kwenye meza za kulia chakula na milango, maana mbao nilizokuwa napata nyingi ni za upana wa inchi 7 na nusu, inchi 8, yaani zinanipita kidogo tu, na hicho kidogo ndo kinauma. Nikawa nafanya kama wengi wanavyofanya, napasua ubao katikati, nanyoosha vipande viwili, nagandisha tena na gundi. Inawezekana, ila ukiwa na ubao wenye maua mazuri halafu unaukata katikati unajisikia kama umeuchinja.

Kuna na ile njia nyingine, unatoa kinga ya visu, unapitisha ubao mpana kwenye mashine nyembamba, unabaki ukanda pembeni ambao visu havijaugusa, halafu unaweka kipande cha plaiwudi chini ya ile sehemu iliyonyooka unapeleka thiknesa. Njia inafanya kazi, siwezi kusema uongo. Ila nilipokuwa nafanya hivyo siku moja ubao ukakutana na fundo, ukaruka, kile kibao cha kusukumia kikateleza, na kiganja changu kikatua kwenye meza ya kuingizia mbao huku vidole viwili vimefika kabisa kwenye ukingo wa meza, na mbele ya ukingo ule ni visu vinazunguka mara elfu tano kwa dakika bila chochote juu yake. Sikukatika. Nilizima mashine nikakaa nje kwenye ngazi kama nusu saa. Usiku ule nikaanza kutafuta ya inchi 8.

Sasa ngoja niseme kitu ambacho nilikigundua nimeshachelewa. Nilipotaka kuuza ile ndogo nikasema niikague vizuri, nisije nikamuuzia mtu tatizo. Nikaweka rula ndefu ya chuma juu ya meza zote mbili, nikainua meza ya kuingizia mpaka zikawa usawa mmoja, nikaanza kupitisha vipande vya karatasi chini ya rula. Huku katikati karatasi haipiti. Huku mwisho wa meza ya kutokea zinapita karatasi nne zikiwa zimepangwa pamoja! Meza ilikuwa imeinama. Miaka yote ile nikigandisha mbao mbili naona uwazi mwembamba katikati, nabana na klempu kwa nguvu zote, nalaumu mbao, nalaumu hali ya hewa, nalaumu gundi. Kumbe meza zikiinama huko miisho ukingo unatoka umebonyea katikati, na zikiinuka unatoka na tumbo. Kazi ya kurekebisha ilinichukua mchana mmoja na vipande vya bati jembamba nilivyochomeka kwenye njia zake za kutelezea.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, fanya hicho kipimo. Halafu angalia visu, hapa wengi tunazembea. Chomoa waya ukutani kwanza, sio kuzima swichi, chomoa. Weka rula ya mbao kwenye meza ya kutokea, ncha yake ipite juu ya ngoma, weka alama ya penseli pale inapokutana na ukingo wa meza. Zungusha ngoma kwa mkono taratibu. Kisu kikipita kitaigusa rula na kuibeba kidogo mbele. Mi natafuta ibebwe kama milimita 3, na ibebwe hivyohivyo upande wa kulia, upande wa kushoto, na kwa kila kisu. Isipobebwa kabisa kisu kiko chini, na ubao wako utakuwa unagota kwenye ukingo wa meza ya kutokea. Ikibebwa sana kisu kiko juu, na ndo ile unaona mwisho wa ubao kuna kishimo, pale ubao unapoachia meza ya kuingizia unadondoka kidogo visu vinaula.

Kama baada ya hapo bado unaona unahitaji kubwa, twende.

Watu wote wanaongelea upana. Mi nilinunua kwa ajili ya upana pia. Ila ukiniuliza leo ni nini ninachokitumia kila siku kwenye mashine ile, ni urefu. Ile ndogo meza zake zote mbili zilikuwa kama sentimita 120 ukiunganisha, hii ni 190. Kuna kanuni ya mafundi kwamba ubao usizidi mara mbili ya urefu wa meza, ila kwangu mimi nilianza kutaabika kabla hata sijafika hapo, ubao wa mita 2 unaanza kuning'inia unainua mkia, unaubana chini kwa nguvu, na ukishaubana kwa nguvu umeshaupindisha, unanyoosha kitu ambacho sio umbo lake. Kwenye meza ndefu ubao unajilalia wenyewe, mkono unaongoza tu. Mhimili wa mlango ambao zamani naupitisha mara nane tisa huku nauchungulia kwa jicho moja, sasa hivi mara tatu umekwisha. Kwa hiyo ukikuta ya inchi 8 yenye meza fupi, zipo, wanazitengeneza za kuweka juu ya benchi, fikiria mara mbili. Umepata upana hujapata kunyooka.

Na kama mbao pana unakutana nazo mara mbili kwa mwaka, usinunue. Serious kabisa. Chukua shiti ya MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) iliyonyooka, laza ubao juu yake, sehemu inayochezacheza chomeka vikabari vya mbao, vigandishe na gundi ya moto, pitisha vyote kwenye thiknesa kidogo kidogo mpaka uso wa juu unyooke, halafu geuza ubao bila ile shiti. Inachosha ila inakupa hata inchi 12 kama thiknesa yako ina upana huo.

Haya, umenunua. Jambo la kwanza litakalokukuta ni uzito. Yangu ya zamani nilikuwa naisogeza na jirani yangu, anashika huku nashika huku. Hii ina zaidi ya kilo 200, chuma cha kusubu, na uzito wote uko juu, chini ni stendi ya bati tu. Inataka kupinduka wakati wowote. Tulikuwa watu wanne na mabomba mawili ya kuviringisha, na mlangoni ikagoma, upana wa stendi ulikuwa unapita lakini mkono wa kurekebishia fensi, ule ukuta wa kuegemezea ubao, ulikuwa umetokeza. Tukafungua fensi. Ilipoingia ndani ndo nikakumbuka sikupima nafasi ya mbele na nyuma. Mashine ya karibu mita 2 na ubao wa mita 2 na nusu, ubao unahitaji nafasi yake kabla ya visu na nafasi yake tena baada ya visu. Karakana yangu ni chumba cha gari, mpaka leo mbao ndefu napitisha mlango ukiwa wazi, nusu ya ubao inatokea nje kama ulimi. Pima kwanza, chora na chaki sakafuni, tembea na ubao mtupu mkononi uone unagonga wapi.

Msiishike meza mnapoinyanyua mashine pia. Shikeni stendi, au pitisheni mikanda chini ya mwili wenyewe. Meza ukiivuta kwa ncha unaweza kuharibu ule usawa uliotoka nao kiwandani, na hata ukiwa makini, ikishafika mahali pake pima tena na rula na karatasi. Yangu ilitoka kwenye kreti meza moja ina kona iliyolala. Nilikasirika sana maana kitu kipya, ila screw mbili za pembeni zikamaliza.

Umeme. Ile ndogo ilikuwa na mota ya hosipawa 1, naichomeka kwenye soketi ya kawaida maisha yanaendelea. Hii ni hosipawa 3, volti 230, na mota kama hiyo ikiwa kwenye kazi nzito inakula ampea 12 mpaka 17 hivi, na ile sekunde ya kuwaka inavuta mara kadhaa ya hapo. Siku ya kwanza nilitumia ekstensheni ya nyumbani, ile nyembamba. Ikawaka kwa kujikokota, waya ukapata joto mpaka nikausikia na kiganja, breka ikaanguka. Fundi umeme alikuja akacheka, akavuta laini yake peke yake kutoka kwenye bodi na waya mnene. Hiyo gharama iweke kwenye bajeti tangu mwanzo. Na ukikuta mashine ya zamani ya kiwandani bei ya kutupa, mara nyingi ni ya umeme wa fezi tatu, ule wa viwandani, ndo maana bei ni ya kutupa. Sio mwisho wa dunia, kuna kifaa cha invata kinachukua fezi moja kinatoa tatu, ila nacho kina bei yake.

Kuhusu ngoma ya visu kuna mabishano mengi, ntasema langu. Unaweza kuchukua yenye visu virefu vitatu au vinne vilivyonyooka, au ile ya msokoto yenye vijino vingi vidogo vya kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma cha kawaida. Nilichukua ya msokoto na sijutii, ingawa ilinipandishia bei sana. Kelele imepungua mpaka jirani aliuliza kama nimeacha useremala. Kwenye mbao zenye nyuzi zinazogeukageuka haing'oi vipande kama zamani. Na nikigonga msumari uliojificha, naharibu vijino viwili, nafungua, nageuza upande mwingine, kila kimoja kina pande nne. Ila ukigeuza safisha kikalio chake vizuri, punje moja tu ya vumbi ikibaki chini kijino kinakaa juu kuliko wenzake kinakuachia mstari kwenye kila ubao. Sasa kama mbao zako ni laini na zimenyooka, visu vya kawaida vyenye makali vinakutosha kabisa na unajua kunoa mwenyewe. Nafanya sana mtiki, na mtiki una chembechembe kama za mchanga ndani yake, unakula makali haraka, ndo kilichoniamulia.

Maranda nayo yanaongezeka. Nilifikiri ile vakyumu ya karakana itatosha, nikafunga bomba lake jembamba kwa adapta, ubao wa tatu tu limeziba, maranda yanajaa mpaka juu yanarudi kwenye visu yanabonyeza alama kwenye uso wa mbao. Mdomo wa mashine wa kutolea maranda ni inchi 4 kwa sababu hiyo. Kama huna cha kuvutia chenye bomba la inchi 4 afadhali uache yadondoke sakafuni ufagie.

Na usalama haujahama kwa sababu mashine ni kubwa. Kipande kifupi kuliko sentimita 30 hakipiti kwangu, upande uliobonyea unakaa chini, milimita 1 kwa mpito, na kinga haitoki, sasa hivi sina hata kisingizio cha kuitoa. Meza napaka nta ya kawaida isiyo na silikoni kila baada ya wiki mbili tatu, kutu ikianza kwenye chuma kile unaiona kesho yake asubuhi.

Ile ndogo niliibakiza miezi mitatu, nikisema ntaitumia kwa vipande vidogo. Sikuiwasha hata mara moja, nikawa naweka makopo ya rangi juu yake. Akaja kijana kuiangalia, kabla hata hajaniuliza bei akatoa kwenye begi rula yake ya chuma na karatasi, akainama. Alikaa pale chini dakika kumi nzima, anapitisha, anahama kona, anapitisha. Nikamwambia punguzo hupati, mdogo wangu. Akacheka, akalipa yote.