Mwonyesheni Hart na Austin, na msipunguze sauti

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza: kama matokeo ya mieleka ya kulipwa hupangwa kabla, mtu mzima anatazama nini pale, na ni pambano gani la zamani linaloweza kumgeuza anayeudharau mchezo huu? Najibu kutoka Chikongola, Mtwara. Pambano ni la Bret Hart na Steve Austin, WrestleMania 13 (onyesho kubwa la kila mwaka la kampuni ya WWF), tarehe 23 Machi 1997, Rosemont, jirani na Chicago. Lilikwenda dakika 22 hivi.

Kuhusu kupangwa, watu wa huku tusingepaswa kubabaika. Kwenye ngoma ya midimu ya Wamakonde kila mtu mzima anajua kwamba nyuma ya kinyago yumo binadamu, na hakuna anayesimama katikati ya uwanja kutangaza habari hiyo. Watu wanatazama mguu: unakwenda na ngoma au umepotea? Mieleka nayo inapimwa hivyo. Mshindi amekwishachaguliwa. Kinachobaki ni kuona kama kila kitendo kina sababu, na kama sababu hiyo itafikishwa salama mpaka hesabu ya mwisho. Mengi yanayoitwa mapambano makubwa hayafaulu mtihani huo.

Pambano la Hart na Austin linafaulu, lakini ukilitazama peke yake utapata nusu tu. Lilianza kujengwa miezi minne kabla. Hart alikuwa amekaa pembeni tangu Machi 1996, alipopoteza mkanda kwa Shawn Michaels. Akarudi tarehe 17 Novemba 1996 ukumbi wa Madison Square Garden, New York, akamkuta Austin, mtu wa matusi asiyemwogopa yeyote. Usiku ule Austin alikuwa amemkaba Hart shingoni kutoka nyuma. Hart akakanyaga pembe ya ulingo kwa miguu yote miwili, akajisukuma, wakaanguka pamoja, Hart juu na mabega ya Austin chini. Moja, mbili, tatu. Hart alishinda, lakini Austin alikuwa bado hajaachia kabali. Kwa maneno mengine, Austin alishindwa na hesabu, hakushindwa na mtu. Wapangaji wa matokeo waliuweka mlango huo wazi kwa makusudi.

Januari 19, 1997, kwenye Royal Rumble, pambano la wengi ambamo anayetupwa nje ya kamba ametoka, Hart alimtupa Austin nje. Marefa walikuwa wanaamua ugomvi upande mwingine, hawakuona. Austin akarudi ulingoni kimyakimya, akamtoa Hart, akatangazwa mshindi. Februari Hart akapata mkanda, akaupoteza siku iliyofuata kwa Sycho Sid kwa sababu Austin aliingilia. Machi 17, siku sita kabla ya WrestleMania, akashindwa tena na Sid ndani ya kizimba cha chuma, akamsukuma chini Vince McMahon, mwenye kampuni, na kumwaga matusi hewani.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Kila lalamiko la Hart lilikuwa la kweli, kwa kuwa kweli alidhulumiwa. Ila mtu anayedai haki yake wiki baada ya wiki, kwa sauti ileile, mwisho wasikilizaji humchoka hata kama ana haki. Austin kwa upande wake alikuwa mbaya waziwazi, lakini hakulalamika hata siku moja. Katika lugha ya vibanda vyetu, steringi alikuwa anaanza kunuka na adui alikuwa anaanza kupendwa, na kampuni ya WWF, ambayo leo ni WWE, ikaamua kuwabadilisha nafasi wote wawili ndani ya pambano moja. Jambo hilo ni gumu sana. Kumgeuza mmoja kunahitaji kitendo kimoja cha usaliti. Kuwageuza wawili kwa mpigo kunataka watazamaji wavuke daraja wenyewe, bila kusukumwa.

Tazameni kanuni walizochagua. Pambano lilikuwa la kusalimu amri tu, bila kuhesabu mabega: mtu anabanwa mpaka akubali kushindwa au refa asimamishe. Kwa kanuni ya kawaida, Austin angelala chini kwa hesabu ya tatu na habari yake ingeishia hapo. Kwa kanuni hii angeweza kushindwa bila kukubali kushindwa, na mwisho wote ulitegemea hilo. Refa naye hakuwekwa kama pambo. Ken Shamrock alikuwa bingwa kutoka UFC, mashindano ya kupigana kweli, mtu ambaye akisema huyu hawezi kuendelea, watu wanamwamini. Tena alihitajika awe na nguvu za kumng'oa Hart baada ya kengele.

Sasa mwendo wa pambano lenyewe. Mapema walitoka wakapigana katikati ya watazamaji, mpaka kwenye ngazi za viti. Kazi ya kipande hicho ni kuonyesha kwamba ugomvi ni mkubwa kuliko ulingo. Waliporudi, Hart akaanza kuushughulikia mguu wa Austin: akaupiga goti, akaukunja kwenye nguzo ya ulingo, akautia kwenye kiti cha chuma. Hakuna pigo pale lililopotea. Mguu ule ulikuwa unaandaliwa kwa mshiko wa mwisho, na Austin akawa anachechemea hata alipokuwa yeye anayeshambulia. Wapiganaji wengi wa leo husahau jambo hilo: goti linavunjwa dakika ya tano, dakika ya kumi mtu anakimbia na kuruka. Mtazamaji mpya hawezi kukueleza nini kimeharibika, lakini mwili wake unaacha kuamini.

Kisha damu. Wakati ule kampuni ilikuwa hairuhusu watu kujikata makusudi, kwa hiyo damu usoni mwa Austin iliwashtua hata waliozoea. Austin akapata upenyo, akachukua waya wa umeme akamkaba Hart pale ukingoni mwa ulingo. Hart akaokota kengele akampiga nayo. Hesabuni hapo nani anatumia vyuma. Mpaka dakika hiyo mtu mwema amekwishatumia kiti, nguzo na kengele.

Halafu Sharpshooter, mshiko wa mwisho wa Hart. Kwa asiyeujua mshiko huu: mpinzani amelala chali, unaingiza mguu mmoja katikati ya miguu yake, unaikunja miguu yake kuuzunguka mguu wako, unaibana kwapani, kisha unamgeuza kifudifudi na kuketi kuelekea nyuma, juu ya kiuno chake. Maumivu yanakwenda mgongoni na magotini. Faida yake kwa hadithi ni kwamba uso wa anayebanwa unabaki mbele, umeinuka, unaitazama kamera. Mishiko mingi ya miguu humlaza mtu chali na uso wake hupotea. Hapa Austin anaonekana akipiga kelele, damu inachuruzika katikati ya meno, na kila mtu ukumbini anajua kwamba neno moja tu litamwokoa. Halitoki. Anajisukuma kwa mikono, karibu auvunje mshiko, watu wanasimama. Hart anaurudisha. Austin anazimia. Shamrock anasimamisha pambano.

Hart ameshinda kihalali, na angeweza kutoka akiwa steringi. Lakini anarudi kuupiga mguu wa mtu aliyezimia. Shamrock anamkamata kiunoni na kumtupa. Wanatazamana, ukumbi unasubiri, na Hart anageuka kuondoka. Kuzomewa kunaanzia hapo na kumsindikiza mpaka mlangoni. Austin anaamka, refa mmoja anajaribu kumshika mkono, anamwangusha kwa Stunner, pigo lake la kumalizia, kisha anatoka akiburuza mguu huku watu wanaliimba jina lake. Hakuna aliyebadilisha tabia. Hart ni yuleyule mwenye kudai, Austin ni yuleyule mkorofi. Waliohama ni watazamaji.

Kwa hiyo anayetaka kulionyesha kibandani, iwe Magomeni au Masasi, afuate mpangilio huu. Aanze na dakika mbili za mwisho za Novemba 17. Kisha mwisho wa Royal Rumble. Kisha hasira za Hart za Machi 17. Ndipo pambano lenyewe, lote, bila kurusha mbele. Vyote havifiki muda wa kipindi kimoja cha mpira. Na sauti iachwe juu. Najua vibanda vyetu vina mtangazaji anayefasiri, na ni kazi nzuri, lakini sauti ya ukumbi ikizimwa hapa pambano limekufa, kwa sababu hadithi yenyewe ni watu kuhama upande. Afasiri kabla ya kengele ya kwanza, aeleze kanuni ya kusalimu amri mara mbili, kisha anyamaze mpaka Shamrock asimamishe.

Wengi wenu najua mtapendekeza Hulk Hogan kumnyanyua Andre the Giant, tarehe 29 Machi 1987. Ni tukio kubwa la kihistoria na ni pambano dhaifu. Mgongo wa Andre ulikuwa umechoka na uzito wote ulibebwa na maandalizi. Usiku uleule, ulingo uleule wa Pontiac, Michigan, Randy Savage na Ricky Steamboat walifanya kazi bora mara kumi. Miezi michache kabla Savage alikuwa amemwumiza Steamboat koo kwa kengele ya ulingo, kwa hiyo kila mtu alijua kisasi kinatoka wapi. Savage alitaka kila hatua iandikwe na kukaririwa. Walikuwa wanaulizana, mmoja akitaja namba ya hatua na mwenzake akisoma zinazofuata. Ndani ya robo saa kasoro kidogo refa alifika hesabu ya mbili mara nyingi sana, na kila mara watu waliamini kwamba tatu inakuja. Kengele ileile ikarudi mwishoni: Savage akataka kuitumia tena, George Steele, aliyekuwa upande wa Steamboat, akamzuia, Steamboat akamviringisha na kumfunga mabega. Naliweka la pili kwa sababu moja tu. Pale wema na ubaya viko wazi tangu mwanzo, na anayeudharau mchezo atasema amekwishaviona kwenye sinema.

Majigambo ya wapiganaji kabla ya pambano nayo yasiachwe. Mpinzani wa mieleka husema yale ni makelele. Achezewe maneno ya mpiganaji Dusty Rhodes ya mwaka 1985, akimwambia mpinzani wake Ric Flair kuhusu nyakati ngumu. Flair alijisifu kwa majoho ya hariri na magari marefu. Rhodes, mwenye kitambi na kithembe cha ulimi, akazungumzia wafanyakazi wa viwanda vya nguo na vya magari walioachishwa kazi, na mtu aliyetumika miaka 30 akapewa saa ya mkononi na kuambiwa kompyuta imechukua nafasi yake. Mikoa hii, iliyoviona viwanda vyake vya korosho vikifungwa, haihitaji maelezo hapo. Mpangilio wake ni mwepesi: nani kanikosea, kakosa nini, jambo hilo linakuhusu vipi wewe uliye nyumbani, na tutakutana lini. Anayeruka kipengele cha tatu amebaki na makelele kweli.

Upangaji ukiharibika, hata miezi mingi ya kazi nzuri haiokoi kitu. Kampuni ya WCW, mshindani wa WWF, ilimfanya mpiganaji wake Sting akae zaidi ya mwaka bila kupigana, uso umepakwa nyeupe na nyeusi, hasemi, anamtazama Hogan kutoka juu ya dari la ukumbi. Kila mtu alingoja tarehe 28 Desemba 1997, onyesho la Starrcade, Washington. Kilichopangwa ni refa Nick Patrick ahesabu haraka ili Sting adhulumiwe, kisha Bret Hart, aliyekuwa ameporwa mkanda kweli na WWF huko Montreal mwezi uliotangulia, atokee kurekebisha. Patrick akahesabu mwendo wa kawaida. Ikaonekana Sting kashindwa kihalali na Hart kaja kuharibu. Sting akashinda baadaye, kwa mshiko uleule wa miguu ambao Hart aliutumia kwa Austin, lakini hakuna aliyesisimka. Januari 1998 mkanda ukatangazwa kuwa hauna mwenyewe. Na kosa halikuwa la refa peke yake: Hogan aliachwa ampige Sting kwa sehemu kubwa ya pambano, wakati watu walikuwa wamelipa kuona kinyume.

Onyo moja, hasa pakiwa na watoto kibandani. Wasianzishwe na mpiganaji Mankind kutupwa kutoka juu ya kizimba mwaka 1998, karibu mita tano, wala wasiachwe waigize piledriver, yaani kumshusha mtu kichwa chini akiwa amebanwa katikati ya mapaja, ufukweni. Chini ya turubai la ulingo kuna mbao juu ya mihimili ya chuma, na godoro jembamba tu katikati. Kuanguka salama ni kidevu kifuani, mgongo wa juu utue wote kwa pamoja, viganja vipige chini na pumzi itoke. Kwenye piledriver mikono yako imebanwa, huwezi kufanya lolote kati ya hayo. Maisha yako yamo katika mapaja ya mwenzako. Agosti 3, 1997, Owen Hart, mdogo wake Bret na fundi aliyelelewa ndani ya mieleka, aliketi badala ya kupiga magoti, kichwa cha Austin kikiwa kimeshuka chini ya mapaja yake. Austin akakosa nguvu mwilini kwa muda palepale ulingoni, na shingo ile ilimsumbua mpaka mwisho wa kazi yake.

Mgeni wenu akikubali baada ya usiku wa kwanza, usiku wa pili mwekeeni Calgary, Kanada, tarehe 6 Julai 1997. Hart yuleyule aliyezomewa Rosemont anaingia na ndugu zake, na ukumbi mzima uko upande wake, huku Austin akizomewa kila anapogusa kamba. Wapangaji walikuwa wamempa sababu ya kuipenda Kanada na kuishutumu Marekani, akawa steringi upande mmoja wa mpaka na adui upande wa pili, kwa maneno yaleyale.

Msomaji,
Chikongola, Mtwara