Bolti Isiyobaki Nyuma Risasi Zinapokwisha

SWALI: Ninamiliki kihalali bunduki ya aina ya AR-15. Zamani, baada ya risasi ya mwisho, bolti (chuma kinachofunga chemba, sehemu inamokaa risasi kabla ya kufyatuliwa) ilikuwa ikibaki nyuma, lakini siku hizi hurudi mbele na kufunga chemba tupu. Nianzie wapi kutafuta kasoro?
Mlenga Shabaha

JIBU: Ndugu Mlenga Shabaha, anza na magazini, yaani kisanduku cha risasi, kwa kuwa mara nyingi kosa huwa huko na bunduki yenyewe haina tatizo. Risasi zinapokwisha, kibao cha ndani ya magazini husukumwa juu na springi, kikainua kizuizi kilichoko upande wa kushoto, nacho ndicho kinachoikinga bolti isirudi mbele. Springi ikilegea, kibao huchelewa na bolti hupita.

Chomoa magazini, vuta bolti nyuma, kisha kagua chemba kwa macho na kwa kidole mpaka uhakikishe kwamba haina risasi. Ingiza magazini tupu na uvute tena mkono wa kukokia hadi mwisho. Bolti isipobaki nyuma, jaribu magazini nyingine. Ikikataa hata kwa hiyo, safisha kizuizi na ukague springi yake ndogo, ambayo hukwama kwa masizi.

Ikiwa kwa mkono inabaki nyuma lakini wakati wa kufyatua inashindwa, basi gesi ya risasi haiisukumi bolti nyuma umbali wa kutosha. Huenda vyuma vimekauka mafuta, risasi ni dhaifu, bafa (kipande kizito nyuma ya bolti kinachopunguza kasi yake) ni nzito mno, au gesi inavuja. Maganda yanayodondoka karibu, kuelekea nyuma yako, yanaashiria upungufu huo wa nguvu. Toa kibeba-bolti, vuta bolti nje, ukisimamishe kwa uso wa bolti juu ya meza: kikishuka chenyewe kwa uzito wake, pete 3 za gesi, zinazoizunguka bolti ili gesi isivuje, zimechakaa. Tazama pia skurubu 2 zinazoshika kipokea gesi juu ya kibeba-bolti; kipokea hicho kikicheza, au kukiwa na masizi yaliyotapakaa kwenye kitako chake, gesi inapotea hapo.

Yote hayo yakiwa sawa, mpelekee fundi wa silaha akague kama tundu la gesi kwenye mtutu limefunikwa na bloku ya gesi (kipande kilichofungwa juu ya tundu hilo) iliyosogea, na usikubali tundu hilo litanuliwe kabla ya ukaguzi huo.