Usiandike "Hapana" Haraka: Kwa Mnaoanza Utafiti wa Macho Lamu

Karibuni Amu, yaani mji wa Lamu. Katika fomu mtakayopewa kuna swali fupi, "Amewahi kuumia jicho?", na visanduku viwili pembeni yake. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililolikosea mwaka wangu wa kwanza.

Nilimpima mvuvi mmoja wa Kizingitini aliyepindukia miaka 50. Jicho la kushoto presha 15, la kulia 34, ilhali kawaida ni kati ya 10 na 21. Nikamsomea swali kama lilivyoandikwa, akajibu hapana, nikatia alama nikaendelea. Daktari alipomwekea lenzi ya kutazamia pembe ya jicho, pale maji ya ndani yanapopata njia ya kutokea, aliiona pembe imechanika na kurudi nyuma. Akamuuliza, "Bwana, hapa ulipigwa na nini?" Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ah, hayo ni ya kae," yaani ya kale. Foromali ya mashua, ule mti unaoshika tanga, ilimpiga usoni alipokuwa kijana, jicho likajaa damu, akalala ndani siku kadhaa, likapona.

Kwake yeye, jicho lililopona si jicho lililoumia. Nami nilikuwa nimeandika "hapana" juu ya chanzo chenyewe cha ugonjwa wake. Dharuba ya namna ile huichana pembe bila mtu kujua. Maumivu huisha, damu hutoweka, mtu hurudi baharini, na presha hupanda polepole hata miaka 10 au 20 baadaye. Kwa hiyo ulizeni kwa majina ya vitu vinavyopiga watu huku: foromali, nazi, mpira, teke la punda, fimbo ya utotoni. Ulizeni, "Jicho limewahi kujaa damu? Limewahi kukaa siku halioni?" Mkiona glakoma, ule ugonjwa wa presha ya macho, kwenye jicho moja tu, na lile jingine zima, rudieni maswali hayo hata mara tatu.

Fundi wa Matondoni akija na jicho jekundu, muulizeni alikuwa akigonga nini, hata kama anasoma chati yote hadi chini. Nyundo juu ya msumari hurusha kipande kidogo cha chuma kinachoweza kupenya jicho na kuacha kitundu kidogo sana. Apigwe eksirei. Jicho mnaloshuku limetoboka msilibonyeze, msilipime presha, msilitie dawa ya mafuta. Lifunikeni kwa kinga ngumu isiyoligusa, hata kitako cha kikombe cha karatasi kinatosha, kisha asafiri kwenda hospitali. Kitu kilichochoma jicho kikabaki hapo, kwa mfano ndoana, hakichomolewi na nyinyi.

Chokaa ni jambo jingine, na kwenye mji unaojengwa kwa mawe na chokaa mtaliona. Hapo fomu ingoje. Maji kwanza, yoyote safi yaliyo karibu, dakika 30 bila kukatiza. Pindueni kope la juu mtazame chini yake, maana punje hujificha huko na kuendelea kuunguza mkidhani mmemaliza. Karatasi ya kupima ukali ndiyo itakayowaambia mwache lini. Hata jicho hilo likipona, liandikieni miadi ya kupimwa presha, kwa kuwa chokaa nayo huleta glakoma baadaye.

Sasa jina lenyewe la glakoma. Sote tunasema "presha ya macho", na ni jina zuri, lakini limewapoteza wagonjwa wangu wengi. Mama mmoja wa Shela aliacha dawa miezi minne kwa sababu alipimwa mkono akaambiwa presha yake iko sawa. Tangu siku hiyo mimi humweleza kila mtu kwamba hii ni presha ya maji yaliyo ndani ya jicho, si ile ya damu inayopimwa mkononi, na kwamba inabana mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa ule ukifa haufufuki. Kisha kumbukeni, nyinyi wapimaji, kwamba wapo wenye glakoma na presha ya kawaida. Namba peke yake isiwatulize. Tazameni kichwa cha mshipa, pale unapoanzia nyuma ya jicho.

Mnapopima, andikeni na saa, maana presha haikai mahali pamoja kutwa nzima. Mtu akizuia pumzi, akikaza kope, au nguo ikimbana shingoni, namba hupanda. Mpeni muda apumue. Na kwenye chati, mzee anayesoma Kurani asubuhi na jioni msimwandike "hajui kusoma" kwa sababu hazijui herufi za Kizungu. Mpeni chati ya E aonyeshe kwa vidole imeelekea wapi.

Mwezi wa Ramadhani matone huachwa. Hawatawaambia, mtaona tu presha imepanda baada ya Idi. Wanachuoni wa Kishafii, ambao watu wa hapa wanawafuata, wanasema dawa ya jicho haifunguzi. Lakini mgonjwa akisikia uchungu wa dawa kooni moyo wake hautulii, na hilo si la kulidharau. Mfundisheni: tone moja, afumbe macho, abonyeze kwa kidole kona ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika 2. Dawa hubaki zaidi jichoni, ni kidogo tu inayoteremka kooni. Ndiyo njia bora ya kutia tone hata nje ya Ramadhani, hasa timololi, dawa ya kushusha presha ya jicho, ambayo ikiingia mwilini huweza kumbana kifua mwenye pumu. Pumu muulizeni kabla ya kumpa, si baada.

Watoto wenye macho ya kuwasha wananiumiza zaidi. Mzazi hununua deksamethasoni, matone ya steroidi, dukani, mwasho unakwisha siku mbili, basi inakuwa dawa ya nyumbani. Miezi inapita, presha inapanda kimyakimya kwa sababu ya dawa ileile, na mtoto hajui kueleza kwamba pembeni haoni. Mwambieni mzazi aje na chupa. Jina la dawa hatalikumbuka.

Kuhusu ridhaa ya upasuaji, msikubali kuharakishwa na mtu yeyote. Hapa kila mtaa unamjua bibi aliyetolewa mtoto wa jicho, akafunguliwa bendeji asubuhi akamtambua mjukuu wake. Mgonjwa wa glakoma anakuja na picha hiyo kichwani. Upasuaji wake, trabekulektomi, njia iliyoelezwa na daktari Cairns mwaka 1968 na inayotumika hadi leo, humfungulia maji tundu jipya chini ya ngozi laini ya jicho ili presha ishuke. Nuru iliyokwisha kupotea hairudi, na majuma ya kwanza huenda akaona vibaya kuliko alivyoingia. Yasemeni hayo yote, kisha mwambieni aeleze kwa maneno yake nini kitabadilika. Akisema "nitaona tena", kalamu irudi mfukoni, muanze upya. Yule mvuvi wa Kizingitini tulirudia naye mara tatu, na mara ya tatu alisema, "Mwanizibia tundu la mashua, maji yaliyokwisha kuingia ni yangu." Hapo akatia sahihi.

Kisanduku cha mwisho ni cha waliokosa miadi. Msiandike "ameacha" kabla ya kutazama maji ya bahari. Boti za Faza na Kizingitini hupita Mkanda, mlango wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, na maji yakiwa yametoka sana huenda zisipite, hata mgonjwa awe amekaa gatini tangu alfajiri. Jedwali la bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) tumelibandika ukutani kando ya ratiba ya kliniki. Siku yenu ya kwanza mwombeni nahodha yeyote wa boti awafundishe kulisoma.