Nina sukari na kanisani tunafunga: nikila nimemkosea Mungu?

Shikamoo mama. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa miaka 46, naishi Mbeya. Mume wangu ni mwalimu, tuna watoto wanne. Ni kiongozi wa maombi ya akina mama kanisani kwetu. Miaka mitatu iliyopita niligundulika nina sukari, natumia metformin na glibenclamide. Kila Januari tuna mfungo wa siku 21, kuanzia alfajiri hadi saa kumi na mbili jioni, ni maji tu. Muuguzi wa kliniki alinikataza kufunga, lakini niliona aibu kiongozi mzima nile wakati wenzangu wana njaa. Nikafunga, na vidonge nikameza asubuhi kama kawaida. Siku ya nne, kwenye maombi ya alasiri, nikaanza kutetemeka, jasho likanitoka, nikawa naropoka. Wakanilaza chini wakawa wanakemea mapepo, mpaka binti yangu mkubwa alipofika na soda akaninywesha. Tangu hapo kuna wanaonitazama vibaya. Mwenzangu mmoja wa maombi ananiambia vidonge ni upungufu wa imani, na kwamba hata Paulo alisema, "nautesa mwili wangu na kuutumikisha."

Niseme na hili. Mwili wangu siupendi. Nimejifungua mara mbili kwa operesheni, tumbo limelegea, sare ya akina mama hainiingii tena, na wifi yangu alinicheka mbele ya watu. Kioo cha chumbani nimekitoa ukutani nikakiweka nyuma ya kabati. Siku hizi nasikia watu wakisema jipende, upende mwili wako. Mkristo anaruhusiwa kweli kuupenda mwili wake, au ndizo zile tamaa za mwili?

Mama wa maombi, Mbeya

JIBU

Marahaba, mwanangu. Amina.

Nianze na lile lisiloweza kungoja. Kilichokuangusha siku ile hakikuwa pepo. Glibenclamide hulisukuma kongosho litoe insulini, na hulisukuma hivyo hivyo uwe umekula au hujala. Ukimeza asubuhi kisha ukakaa na maji matupu mpaka alasiri, insulini inaendelea kuondoa sukari kwenye damu wakati hakuna inayoingia. Ubongo unakosa chakula chake. Ndipo mtu anatetemeka, anatoka jasho la baridi, moyo unamwenda mbio, anaona giza, anaropoka. Nimeuguza watu wa namna hiyo wodini Moshi hadi nikastaafu, na wapo walioletwa wakiwa hawajitambui kwa sababu nyumbani watu walianza na kukemea.

Kwa hiyo waambie wenzako wa maombi, na uwaambie ukiwa umesimama mbele yao kama kiongozi: mama huyu akianza kutetemeka na kutoka jasho, mpeni upesi nusu chupa ya soda ya kawaida yenye sukari, au vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji. Baada ya robo saa, kama hajatulia, mrudieni. Akitulia ale chakula, kwa maana dawa hii hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena, kisha aende akaonwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Akiwa hajitambui msimnyweshe kitu chochote, kitampalia, mkimbizeni hospitali. Maombi yaendelee njiani, hakuna anayewazuia.

Binti yako aliyekuja na soda alifanya kazi ya Mungu. Mwambie nimesema hivyo.

Sasa tuje kwa Paulo. Huo mstari ni 1 Wakorintho 9:27, na anayekutajia anauanza mwishoni. Rudi nyuma mistari mitatu tu: Paulo anazungumza juu ya wanaopiga mbio katika uwanja, na juu ya kila ashindanaye katika michezo kwamba hujizuia katika yote. Waliomsoma walikuwa watu wa Korintho, jirani na uwanja wa michezo ya Isthmia. Walijua mwanariadha anaishije. Filbert Bayi wetu alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974. Hakuna anayefika pale kwa kuunyima mwili chakula na kuacha majeraha bila tiba. Mwanariadha huutawala mwili ili uweze kukimbia, na wewe mwili wako umeurudisha nyuma hata kupiga magoti umeshindwa. Halafu Paulo huyo huyo, kwa Wakolosai 2:23, anataja watu wa "kuutawala mwili kwa ukali" katika ibada waliyojitungia wenyewe, na anasema hayo hayafai kitu kwa kuzizuia tamaa za mwili. Kwa Timotheo aliyekuwa na tumbo bovu, hakuandika kwamba aongeze mfungo. Aliandika asinywe maji tu, atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara. Ni dawa ya wakati ule, na anayeiagiza ni mtume.

Tazama pia Mungu anavyowatendea waliochoka. Eliya anajilaza chini ya mretemu akiomba afe. Malaika anakuja, na kabla ya neno lolote la utume anamgusa: inuka, ule. Analala tena, anaguswa tena, "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Hezekia anaumwa jipu, Isaya anaagiza mkate wa tini uwekwe juu yake, naye nabii alikuwa ameshapewa ahadi kwamba mfalme atapona. Ahadi haikuondoa dawa. Binti wa Yairo amefufuka kutoka kwa wafu, watu wameshangaa mshangao mkuu, na Bwana anaamuru apewe chakula. Sura hizo (1 Wafalme 19, Isaya 38, Marko 5) zisomeni pamoja kwenye kikundi chenu, zitazungumza kuliko mimi.

Sijui u dhehebu gani, Mbeya Wamoraviani ni wengi. Mimi ni Mlutheri, na sisi tulikaririshwa darasa la kipaimara maelezo ya imani katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529: kwamba Mungu ameniumba, amenipa mwili na roho, macho, masikio na viungo vyote, na kwamba bado anavitunza. Mtoto wa miaka kumi na mitatu anaitamka huku anawaza mpira. Mtu mwenye sukari anatakiwa aitamke polepole: macho, figo, nyayo. Luther alikuwa mtawa aliyefunga hadi kujidhoofisha, kwa hiyo alijua anachosema alipoandika mwaka 1520 kwamba mtu akiona kufunga kunamharibu kichwa au tumbo, aache. Na mwaka 1530 alimwandikia mwenzake Philipp Melanchthon, aliyekuwa akijiua kwa kazi kule Augsburg, kwamba Mungu hutumikiwa pia kwa kupumzika. Wakatoliki nao wana Fransisko wa Asizi, ambaye aliuita mwili wake Ndugu Punda na kuutesa sana. Alipokaribia kufa, mwaka 1226, alikiri kwamba amemkosea ndugu huyo.

Kufunga nakupenda, usinielewe vibaya. Ila mfungo wa mgonjwa uko Isaya 58: kuwagawanyia wenye njaa chakula chako. Siku hizo 21 kula kwa saa zake, meza dawa zako, na mchele wa sadaka upeleke kwa mjane aliye jirani. Funga simu kuanzia jioni. Funga ulimi juu ya wifi yako. Na mfungo unaofuata, nenda kwa mchungaji kabla haujaanza, ukiwa na kadi yako ya kliniki mkononi, umwombe atangaze madhabahuni kwamba wenye sukari, wajawazito, wanaonyonyesha na walio kwenye dawa za kila siku wasifunge chakula bila ruhusa ya daktari. Ukitangaza wewe mwenyewe utaonekana unajitetea. Akitangaza yeye, utakuta hukuwa peke yako. Katika kundi la akina mama wa umri wako lazima wapo wanaoficha vidonge kwenye pochi.

Dawa usiache wala usipunguze kwa akili yako. Mueleze daktari yote yaliyotokea, likiwemo kuanguka, maana pengine atabadilisha ile glibenclamide. Sahani yako ya ugali iwe hivi: nusu ni mboga za majani, robo ni maharage au dagaa au samaki, robo ndiyo ugali, wali wa Kyela au ndizi za Tukuyu. Parachichi mnalo la kumwaga huko, kula kipande. Chai ya jumuiya ninaijua, sukari vijiko vitatu na maandazi mawili kwa kila nyumba mnayoitembelea. Omba ya rangi bila sukari, na mwenye nyumba asipoelewa, mwambie ni agizo la kliniki. Tembea kila siku, hata kama ni kwenda sokoni kwa miguu na kurudi na daladala.

Na kile kioo kitoe nyuma ya kabati. Kiweke sakafuni kila jioni, ukae kitini, uangalie nyayo zako zote mbili na katikati ya vidole. Sukari huua mishipa ya fahamu miguuni, mtu anachomwa na msumari asisikie, na kidonda kinachoonekana siku ya kwanza hutibika wakati cha wiki ya tatu kinaweza kuchukua mguu. Usitembee peku hata ndani. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko.

Umeniuliza kama Mkristo anaruhusiwa kuupenda mwili wake. Paulo, kwa Waefeso 5:29, halichukulii kama jambo la kuombea ruhusa: "Maana hakuna mtu anayeuchukia mwili wake wakati wo wote, bali huulisha na kuutunza, kama Kristo naye anavyolitendea Kanisa." Soma tena kipande cha mwisho. Kristo anavyolitendea Kanisa ndiyo mfano wa mtu anavyouhudumia mwili wake. Na ukitaka kujua matendo ya mwili ni yapi, Wagalatia 5 ina orodha: uadui, ugomvi, wivu, hasira, fitina, husuda, ulevi, ulafi. Tumbo lililolegea kwa uzazi halimo. Mzaha wa wifi yako uko karibu na orodha hiyo kuliko tumbo lako.

Hao wanaosema jipende, wengi wanakutaka uupende mwili ukishapendeza. Mimi nakuomba uupende sasa hivi, na sare haiingii, kwa sababu si mali yako; ulinunuliwa kwa thamani, na Roho amekaa humo hata siku ile ulipokuwa umelala sakafuni unaropoka. Hilo kovu la operesheni ni mlango waliopitia watoto wako wawili. Bwana alipofufuka alikuja na makovu yake, akamwambia Tomaso alete kidole chake. Hakuyaonea haya.

Sare mpelekee fundi aiachie mishono ya pembeni. Kama kitambaa hakitoshi, nunua kingine ushone upya. Usingoje upungue kwanza.

Barua fupi ya pili imetoka Dodoma, kwa binti wa miaka 22 anayefunga ndoa Agosti:

Shikamoo bibi. Mashangazi wa kamati ya kitchen party wameninunulia mkorogo ili ning'ae siku ya harusi. Nimepaka wiki mbili, uso unawaka na umeanza kuchubuka. Wanasema nivumilie, ndivyo unavyofanya kazi. Nifanyeje?

JIBU

Marahaba, mjukuu wangu. Usivumilie. Uso unaowaka unakuambia ngozi inaungua. Mkorogo wa dukani huwa na haidrokwinoni, zebaki au dawa kali za steroidi, na mara nyingi mchanganyaji mwenyewe hajui ameweka nini. Haidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania. Zebaki hupenya ngozi na kuharibu figo, na mwanamke akishika mimba humfikia mtoto tumboni. Wewe unaolewa Agosti, kwa hiyo hili lisikie vizuri.

Acha kupaka leo. Nenda hospitali yenye daktari wa ngozi ukiwa na mkebe wenyewe mkononi. Kama ulikuwa na steroidi, ngozi inaweza kuvimba na kuwasha zaidi siku za kwanza baada ya kuacha, na hapo ndipo wengi hukimbilia kupaka tena. Daktari atakusaidia kuvuka kipindi hicho. Kwa sasa osha uso kwa maji ya kawaida, paka mafuta mepesi yasiyo na harufu, na ukitoka vaa kofia pana au ujifunike kanga, maana ngozi iliyochubuka haina kinga ya jua la Dodoma.

Bibi arusi wa Wimbo Ulio Bora, sura ya kwanza, anasema hivi: "Mimi ni mweusi-mweusi, lakini ninao uzuri." Jioni moja msomee mchumba wako sura ile ya kwanza yote, mkiwa wawili, umsikie atasema nini. Mashangazi waambie ni bibi wa gazetini aliyekataza, na mwenye swali aniandikie mimi.